Vizibo vya masikio vya sponji: vinasaidia aje ukilala karibu na uwanja wa ndege Kisumu

Hii rivyu nimeichelewesha makusudi, ju kitu cha kuweka kwa sikio huwezi kukisifu ama kukitupa baada ya kulala nacho mara moja. Mi ni nesi, nafanya sana shifti za usiku kwa hosi moja hapa Kisumu, na nimepanga upande wa Kogony, karibu kabisa na uwanja wa ndege, bedsita ya mabati isiyo na silingi. Wanaojua hiyo sehemu wanajua vile ndege ikishuka watu hunyamaza kwanza ipite ndio mtu amalizie alichokuwa anasema.

Nilichonunua ni vile vizibo vidogo vya sponji laini, rangi ya machungwa, unaviviringisha kwa vidole vinakuwa vyembamba alafu vinafura vikiwa ndani ya sikio. Kemist ya tauni waliniuzia jozi moja shilingi hamsini, na hadwea zingine pia wanavyo, ju mafundi wa grainda na watu wa viwandani ndio huvitumia sana. Kampuni sitaji, ziko nyingi na sponji ni ile ile, cha kuangalia ni namba iliyoandikwa kwa pakiti, nitaifikia.

Kwa mwenye haraka: vinafanya kazi, nawapa nyota nne kati ya tano, na kwa hiyo bei sijapata kitu kingine cha kunipa usingizi kiasi hicho. Lakini ndege haviimalizi, na pale vinaposhindwa ndio nataka kuongea zaidi, ju hapo ndipo watu wengi wanajaribu mara moja, wanavitupa, wanaenda kuambia wengine ni pesa ya bure.

Ndege za hapa ukizisikiliza kitandani ni aina mbili. Kuna za propela kama Dash 8, na kuna za jeti kama Embraer 190. Jeti iko na ule mlio mwembamba mkali wa kutoboa, alafu ikipaa unageuka ngurumo. Ya propela inakuja na mvumo mzito wa chini, na huo hata kabla uusikie vizuri ushaanza kutetemesha vitu. Kwangu huanza na vioo vya dirisha, ni zile luva za zamani, vinalia tititi kwa fremu, alafu kifuniko cha sufuria kwa rafu, alafu ndio ndege yenyewe inafika. Ikishagusa chini rubani anarudisha nguvu ya injini kinyume ili ipunguze mwendo, na hizo sekunde chache ndizo mbaya kuliko zote, ju ushadhani imeisha, mwili ushaanza kulegea, alafu inanguruma tena.

Na si kila saa inakuwa hivyo. Ndege hupaa na kutua zikielekea upepo unakotoka, na huku ziwani upepo hugeuka, asubuhi unatoka nchi kavu, alasiri unavuma kutoka majini, kwa hivyo kuna saa zinaingilia upande wa ziwa tunazisikia kwa mbali tu na kuna saa zinapita juu ya mabati yetu. Tangu uwanja upanuliwe ukawa wa kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 2010 njia ya kurukia ina urefu wa kilomita 3.3, na mimi sipingi hata kidogo, dada yangu husafiri nayo kwenda Nairobi anafika kwa chini ya saa moja, na kuna vijana wengi wa mtaa wetu wamepata kazi huko. Ninachoongelea ni usingizi.

Sasa ukivaa vizibo, ule mlio wa juu wa jeti unaenda karibu wote. Kelele za mtaa pia, redio ya jirani, jogoo, boda wakipiga honi, unazisikia kama ziko nyumba ya mbali. Lakini mvumo wa chini wa propela unabaki, umepungua ila upo, na mtetemo wa kitanda uko vile vile. Hiyo si kasoro ya kiwanda. Sauti nzito za chini ndizo ngumu kuzuia kwa kitu chepesi kama sponji, na sehemu nyingine ya sauti haipitii hata tundu la sikio, inaingilia mifupa ya kichwa, kwa hivyo hata ukipata kizibo cha bei gani kuna kiwango hakiwezi kuvuka. Mtu akikuuzia kitu akwambie hutasikia ndege kabisa, anakudanganya.

Kuhusu namba ya pakiti. Ni namba ya kuonyesha kizibo kinapunguza kelele kiasi gani. Vya Ulaya vimeandikwa SNR, vya Marekani NRR, na vya sponji vizuri hufika kwenye 30 na kitu. Hizo ni desibeli, kipimo cha ukubwa wa sauti, zilizopimwa maabara, na mtu aliyeviweka huko alifundishwa kuviweka. Taasisi ya Marekani ya usalama kazini, NIOSH, mwaka 1998 ilishauri kwa vizibo vya sponji ukate hiyo NRR nusu ndio upate kitu karibu na ukweli wa mtu wa kawaida. Kwa hivyo pakiti ikisema 32 we hesabu 16. Inaonekana kidogo lakini si kidogo, kwa sikio la binadamu kushuka desibeli 10 ni kama sauti imekatwa nusu.

Na hiyo 16 yenyewe unaipata tu ukivivaa vile inafaa. Jirani yangu alikuja kuniambia vyake havisaidii, nikamwambia avae nione, akavibandika tu pale mlangoni mwa sikio vikabaki vinaning'inia nje. Hapo umevaa herini. Nikamwonyesha vile tunafanya: nawa mikono kwanza, viringisha kizibo kimoja polepole hadi kiwe chembamba na hakina mikunjo, pitisha ule mkono mwingine juu ya kichwa ushike sikio la upande ule uvute juu na nyuma kidogo, hapo njia ya sikio inanyooka, ingiza, alafu shikilia na kidole sekunde ishirini thelathini kikifura. Usiachilie mapema. Kikishakaa, sauti yako mwenyewe ukiongea inakuwa nzito ndani ya kichwa, hiyo ndiyo dalili imeshika. Kama ukijiangalia kwa kioo moja kwa moja mbele unaona kimetokeza sana, toa urudie. Alilala navyo huyo mama na kesho yake akanitafuta nimwelekeze kemist yenyewe.

Sasa kwa nini najisumbua hivi na kitu cha bob hamsini. Kwa sababu watu wa kwetu husema nishazoea, siamki tena ndege zikipita, na mimi pia wagonjwa huniambia hivyo. Akili inazoea kweli, lakini mwili hauzoei vile tunadhani. Kuna utafiti wa Ulaya unaitwa HYENA, 2008 walitoa matokeo ya watu 140 wanaokaa karibu na viwanja vinne, Athens, Malpensa ya Milan, Arlanda ya Stockholm na Heathrow ya London, wakawafunga mashine ya presha walale nayo nyumbani kwao. Kila kelele ikipita desibeli 35 ndani ya chumba presha ilikuwa inapanda, kwa ndege ile namba ya juu ilipanda kwa wastani kama 6, na ilipanda hata kwa wale ambao hawakuamka. Haikuwa ndege tu, gari pia na hata kukoroma kwa anayelala kando yako. Na kwa utafiti huo huo mkubwa wakiangalia watu maelfu, kila kelele ya ndege ya usiku ikiongezeka desibeli 10 uwezekano wa mtu kuwa na ugonjwa wa presha ulikuwa juu kwa asilimia 14 hivi. Mimi kazini napima presha kutwa, naona watu wa miaka arobaini wako na namba za kutisha, siwezi kukuambia ya nani imeletwa na nini, ziko sababu nyingi, chumvi, uzito, familia, lakini usingizi uliokatwakatwa sitakubali mtu aniambie ni kitu kidogo.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2018 lilitoa mwongozo kwa nchi za ukanda wa Ulaya kwamba kelele ya ndege usiku nje ya nyumba, ukichukua wastani wa usiku mzima, isipite desibeli 40. Yetu ya Kenya, zile kanuni za kelele za 2009 zinazosimamiwa na NEMA, mamlaka ya mazingira, zinahesabu usiku kuanzia saa mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na kwa sehemu za makazi kiwango cha usiku ni desibeli 35. Viwanja vingine duniani wamefika mbali, Frankfurt tangu 2011 hakuna ratiba ya ndege kutoka saa tano usiku hadi saa kumi na moja alfajiri, Sydney wana sheria yao ya 1995 ya saa tano usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, Heathrow haijafunga ila wamewekewa idadi, ndege 5,800 kwa mwaka kwa zile saa za katikati ya usiku.

Nikizisoma hizo zote huwa nafurahi na huwa naumia pia, ju zote zinalinda saa na sio anayelala. Sisi wa shifti usiku wetu ni mchana. Natoka kazini asubuhi, napanda matatu za Otonglo, nafika naoga, nakunywa chai, nikigusa mto ndio ndege za mchana zimeshika kasi na sheria yoyote duniani haizioni kama za usiku. Na usingizi wa mchana tayari ni mwepesi, saa ya mwili inakuambia ni mchana, jua linaingia, joto liko, kwa hivyo kelele ambayo saa nane usiku haingekuamsha, saa tano mchana inakuamsha. Manesi, askari wa geti, watu wa bekari, madereva wa malori ya usiku, hawa wote wanalala saa ambazo hakuna anayezihesabu. Ndio maana hivi vizibo nimevichukulia serious, ju kwa mtu kama mimi ndio ulinzi wa pekee ninaoweza kununua leo.

Na kuna kingine ambacho hiyo miongozo ya Ulaya haikutuwaza. Nyumba zao ziko na vioo viwili na zinafungwa baridi isiingie. Hapa Kisumu na hili joto utafunga dirisha saa ngapi? Dirisha likiwa wazi kelele ya nje inapungua desibeli 10 hadi 15 tu ikiingia ndani, ukifunga inapungua zaidi, lakini ukifunga unaiva. Alafu mabati bila silingi, hapo juu ya kichwa hakuna kitu kabisa, ni bati moja jembamba kati yako na mbingu, mvua ikinyesha huwezi hata kupiga simu.

Kwa hivyo kizibo peke yake kwangu kilikuwa kinanifikisha nusu, kilichomalizia ni feni. Ile ya kusimama, ya kawaida. Inafanya kazi mbili, ya kwanza inakuwezesha kufunga dirisha bila kufa na joto, ya pili ina mvumo wake wa sawasawa ambao unafunika ule mvumo wa propela uliobaki, ndege ikija haipandi ghafla kutoka kwa kimya, na kinachoamsha mtu sana ni ule ughafla. Vizibo, feni, dirisha limefungwa, pazia nzito la mitumba nililotoa soko la Kibuye, hapo nalala usingizi mrefu bila kukatwa. Ukikosa stima basi umerudi kwa vizibo pekee na utaona tofauti.

Nimejaribu pia vile vya silikoni vyenye vidaraja vitatu na kamba. Vinaoshwa, vinakaa miezi, na havihitaji kuviringishwa, lakini ukilala ubavu vinasukuma ndani vinauma, na kwangu mvumo ulipita zaidi. Kwa mtu anayelala chali vinaweza kumfaa. Zile kubwa za kufunika sikio lote kama za mafundi, sahau, huwezi kulala nazo na jasho litakuua.

Kasoro za vya sponji, nisizifiche. Jasho likiwa jingi vinateleza, ukiamka kimoja kiko kwa shuka. Vikitumika sana vinapoteza ule uwezo wa kufura, vinakuwa vigumu, na ukiviosha na sabuni ndio vinaharibika haraka, mi navitupa vikishaanza kubadilika rangi au kukaa vibaya. Vinasukuma nta ndani, kwa hivyo kama wewe ni mtu wa nta nyingi usivae kila siku na usichokonoe na pamba, nenda kliniki wakuangalie. Masikio madogo, hasa wanawake, saizi ya kawaida inauma baada ya masaa, uliza kama wako na ndogo. Dakika za kwanza utasikia pumzi yako na mapigo ya moyo na wengine hiyo inawatisha, inapita. Ukitoa usichomoe kwa nguvu, zungusha polepole, ukivuta ghafla sikio linauma kweli.

Kuna wanaoniuliza je mwizi akija, je mtoto akilia. Hilo ni swali la maana na sitalipuuza. Mlango ukigongwa karibu unasikia, sauti ya mtu akiita kwa nguvu unasikia, lakini kitu kidogo cha mbali hutasikia. Mimi nimekaa peke yangu na komeo liko, kwa hivyo navaa vyote viwili. Mama mwenye mtoto mchanga ninamshauri avae kimoja tu alalie sikio hilo lililozibwa, lingine libaki wazi juu, ama asivae kabisa siku yuko peke yake. Alamu weka simu ivaibreti chini ya mto, hiyo inaamsha hata ukiwa umeziba.

Ambao wasivae kabisa: mwenye sikio linatoa usaha au maji, mwenye ngoma ya sikio imetoboka, mwenye maumivu ya sikio yasiyojulikana. Na mtoto mdogo usimwekee, vinaweza kuingia mdomoni vikamkaba.

Lakini watoto wenyewe ndio wananifikirisha kuliko sisi, ju vizibo haviwafai na wao ndio wanasoma chini ya hizo ndege. Utafiti uliofanywa kwa shule za karibu na Heathrow, Schiphol ya Amsterdam na Barajas ya Madrid, ulitoka 2005, uliona watoto wenye kelele nyingi za ndege walikuwa nyuma kwa kusoma na kuelewa. Na Munich walipohamisha uwanja 1992, watoto wa karibu na ule wa zamani uliofungwa, kumbukumbu na kusoma vikaboreka, na wale wa karibu na mpya vikashuka. Nikisikia darasa la hapa kwetu mwalimu akinyamaza katikati ya sentensi hadi ndege ipite, hilo naliwaza sana. Hapo suluhisho ni dari kwa madarasa na kupanga saa za ndege, haliwezi kuuzwa kemist.

Kwa kununua: angalia pakiti iwe na namba ya SNR au NRR imeandikwa, vile vya kuuzwa vimefunguliwa kwa mkebe achana navyo, hujui nani ameshika. Nunua jozi kadhaa mara moja, usigawane na mtu hata kama ni mume, na uviweke kwa kikebe kikavu, si mfukoni mwa yunifomu ya kazini, tafadhalini manesi wenzangu.

Nyota ya tano nimeinyima ju ya ule mvumo wa chini na ju maelezo ya kuvivaa yameandikwa kwa herufi ndogo za Kiingereza na picha haieleweki, wakati watu wanaovihitaji zaidi hapa wangeelewa haraka kwa Kiswahili ama Kiluo. Landlodi wangu nimeongea naye tukakubaliana tugawane gharama ya silingi bodi kwa hicho chumba, fundi alishakuja kupima, anataka aweke na kitu cha kuzuia joto kati ya bodi na bati. Ikimalizwa nitalala chini yake bila feni, na vizibo na bila vizibo, alafu nitaongeza hapa vile nimeona.